Viatu Nilivyoacha Juu ya Lava ya Munigi

Ndugu zangu, Bwana wetu apewe sifa! Mimi si mutu wa kushangazwa. Nilianza kwa kusukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea magunia, darasa la tatu sikumaliza, na nikafikia kuwa na depo ya mbao Munigi, kubwa kupita hili kanisa. Mutaa wetu wa Mapendo nzima uliniita Patron, yaani bosi. Nani angenifundisha kitu?

Kisha mlima ukatema moto. Lava ikala depo, hata msumari sikuokota. Ndugu zangu, mutu anaweza kufa na bado anakula sombe! Nilijifungia chumbani, sikutaka kuonekana. Kama depo haiko, Patron ni nani? Nilimutafuta ndani yangu, sikukuta mutu.

Bibi yangu wa ndoa, Mama Neema, aliogopa kunipoteza. Alinisomea habari za Musa na kile kijiti kilichowaka bila kuteketea.

"Papa Neema, kijiti ni wewe."

"Mimi? Si nimeungua yote!"

"Imeungua depo. Wewe uko hapa unanisumbua. Mungu alisema na Musa kutoka ndani ya moto, hakusimama pembeni. Vua viatu, umusikie."

Sasa mimi, nikiambiwa jambo, ninalifanya kwa ukubwa! Asubuhi nikavaa viatu vyangu vya ngozi, nikapanda Munigi, nikavivua juu ya lava iliyofunika depo. Nani hapa Goma hajui ile lava inakata kama wembe? Hatua chache tu, damu! Nikaketi nikilia kama mutoto. Kumbe Mama Neema alinifuata. Alicheka mpaka kitenge kikalegea.

"Weye muzee! Viatu ni huyo Patron wako! Nilisema umuvue huko ndani moyoni!"

Nikacheka na mimi. Na katikati ya kile kicheko moto ukawaka moyoni, na sikuteketea! Nikasikia ninaitwa jina alilonipa mama yangu kabla ya chukudu, kabla ya depo: Kambale! Nikajibu kama Musa: "Mimi hapa!" Haleluya!

Kugeuka, viatu haviko. Mutu amevibeba. Abarikiwe! Mama Neema akanipangusa miguu kwa kitenge chake, tukashuka polepole, mimi nikimuegemea.

Ndugu zangu, musikimbie moto wenu. Ingieni ndani, Yeye yuko humo, na jina lenu analijua. Na musiogope bei! Mimi nililipia tu hizi kambambili munazoona miguuni, pale barabarani. Wauzaji walitaka elfu tano. Kambale akawapa franka elfu tatu na mia tano.