Pumzi za Wasioweza Kupuliza

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mwenzetu wa maabara anastaafu tarehe 30 Juni. Wodini hatumwiti jina lake. Kwetu ni Mama Pumzi. Anaondoka amechoka, na sisi tunaobaki tumechoka pia, tusidanganyane.

Alianzia kliniki ya pumu, ambako wagonjwa hupuliza wenyewe kwenye kipimo, kisha akaletwa kwa wagonjwa mahututi wanaopumulia mashine. Hawa hushikwa na maambukizi ya mapafu kimyakimya, na majibu ya makohozi huchukua siku kadhaa. Yeye alipewa njia mpya ya kujaribu: kukinga kwenye kifuko hewa anayoitoa mgonjwa, kuipima, na kujua mapema kama mapafu yameingiwa na wadudu. Siku ya kwanza, mazoea yana taabu, alimwinamia mgonjwa aliyelala fofofo akamwambia apulize kwa nguvu. Wauguzi walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Halafu yakaja makubwa. Wiki nzima kipimo kilisema kila mgonjwa ana maambukizi. Kumbe Mama Pumzi alikuwa akijipaka spiriti mikononi, kisha anakinga pumzi kabla spiriti haijakauka, na mvuke wake unaingia kwenye kifuko. Lo! Mashine ilikuwa inapima mikono yake. Alikiri kwenye mkutano wa asubuhi, na mkuu wa wodi akaagiza kipimo kirudi stoo.

Wakati huohuo tulikuwa na mgonjwa kwenye mashine, fundi cherehani, mama wa mapacha, homa haishuki, figo zinasuasua. Dawa kali ya mapafu ingezimaliza figo. Na kama mapafu yameoza, kuikosa kungemmaliza mwenyewe. Mama Pumzi alikitoa kipimo stoo, akanawa kwa maji matupu, akajifuta, akapima, akarudia. Mapafu safi. Alimbembeleza mkuu nusura apige magoti: dawa isubiri, homa itafutwe kwingine. Mkuu alinung'unika, akakubali. Chanzo cha homa kikaonekana: damu iliyoganda mguuni.

Juzi fundi yule alikuja kliniki kwa miguu yake. Akamsimamisha Mama Pumzi kwenye korido, akamuuliza dirisha la dawa liko wapi. Hakumjua, angemjuaje, na wakati ule alikuwa usingizini? Mama Pumzi akamshika mkono, akamfikisha, akarudi bila kujitambulisha. Tulipomlaumu, alisema mtu akishapumua mwenyewe, umsumbue ya nini.

Dada yetu, wagonjwa wako hawakujui, lakini sisi tunakujua. Ahsante sana. Nenda kalale mpaka jua likuchoke, na maisha yawe mema kwako.