Wadia Nimri na Mmea wa Kando ya Kisima

Mama yetu mpendwa, Wadia binti Saliba Nimri, alizaliwa tarehe 4 Aprili 1942 hapa Deir Nafal, milima ya Ajlun, akasoma shule ya kanisa hadi darasa la sita, ingawa somo lake kubwa alilipata shambani, Februari 1951, alipomchumia mdogo wake Mitri majani aliyodhani ni humeida, yale machachu ya kutafunwa mabichi, kumbe ni luf, ambayo bila kuchemshwa sana na kutiwa ndimu huunguza koo, na mjomba Mitri, aliyeketi hapa mbele, ulimi ulimvimba siku tatu, hadi leo ukimpakulia mboga za majani atakuuliza, "Nani kachuma?"

Tangu siku hiyo mama hakutia mdomoni jani asilolijua jina, alipiga magoti, akaligeuza, akavunja kikonyo, akanusa, na kuanzia 1966, kwa miaka thelathini na mmoja, aliwapikia watoto wa shule ileile mboga za khubeza na luf za bondeni, asiungue hata mmoja.

Aliolewa tarehe 30 Agosti 1964 na mwashi Khleif Haddad, wakajaliwa Najla, Abla, Suhaila na mimi Issam ninayewasomea, na siku alipoingia kwa mumewe aliukuta mmea umetambaa kando ya kisima, majani yana manyoya, ua dogo kama punje ya mchele, ukiuponda unanuka tango, akamwuliza mama mkwe, akajibiwa, "Majani tu, mwanangu," jibu lililomkera miaka sitini. Aliwauliza wachungaji, wakunga na bwana shamba, kila mmoja akataja lake, mbuzi waliula wakanenepa, yeye hakuuonja wala hakuung'oa, na marehemu baba alipotaka kumwaga saruji pale alimwambia, "Khleif, mgeni hafukuzwi kabla hajataja jina," baba akauzunguka mmea na saruji yake.

Novemba 2022 kiharusi kilimnyang'anya usemi, lakini kila asubuhi alimvuta Abla mkono hadi kisimani, akaugusa mmea, akamtazama machoni, na hilo lilituuma kuliko yote, kwa kuwa swali tulilielewa na jibu hatukuwa nalo. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 17 Machi 2024, saa moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kahawa chungu na wali, na wapishi wenzake wa shule. Pale mlangoni, kwenye kikombe, tumeweka kitawi cha mmea ule, tunaomba kila anayepita akiponde, akinuse, na atakayelijua jina lake asituambie sisi, asogee jenezani amwambie mwenyewe kwanza.

Pumzika kwa amani, mama, sisi tutaendelea kuuliza.