Benchi Lenye Mteremko

— Tairi la theluji huwa jembamba, Traudl. Linakata theluji mpaka linaikuta lami.

— Na mimi nakwambia pana. Gari lenye nguvu za farasi mia tano ulivalishe matairi ya baiskeli? Utalichekesha.

— Wewe ulipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini. Tairi pana umelijulia wapi?

— Na wewe uliendesha lori la maziwa. Lilianguka mara ngapi?

— Mara mbili.

— Tatu.

— Ile ya tatu halikuanguka, lililala tu.

Vroni alikuwa amekaa katikati yao, ameshika kikombe kwa mikono miwili, hacheki. Walikuwa nje ya gereji ya Zenzi, pale barabara ya bonde inapokutana na ile ya kupanda mlimani, kwenye benchi ambalo hakuna mtu wa kijiji cha Hinterau ambaye hajawahi kulikalia. Lilikuwa ubao mnene uliolazwa juu ya masanduku mawili ya mbao yaliyogongelewa misumari pande zote. Upande wa kulia ulikuwa juu, wa kushoto chini. Anayekaa kulia, baada ya nusu saa, hujikuta amembana wa kushoto bila kukusudia, na kikombe ukikiweka ubaoni kinaanza safari. Alois Maziwa alisema ardhi ndiyo inayozama. Traudl, ambaye watu walimwita Redio kwa sababu habari zote zilianzia kwake, alisema ni uzito wa Alois. Huo ulikuwa ugomvi wao wa miaka sita, na siku isiyo na habari nyingine walirudi kwenye huo.

Lakini siku hiyo habari ilikuwepo. Tarehe ishirini na nane Oktoba, mbingu imekuwa nyeupe tangu asubuhi, na redio, ile ya kweli, imesema theluji itaanza kabla ya giza.

Vroni ndiye mkunga wa bonde zima. Alhamisi, paa aliruka kutoka msituni akalivunja gari lake dogo mbele, na fundi wa bodi amesema lisahau. Limebaki gari la mjomba wake Wastl, aliyefariki mwezi wa nane akamwachia yeye: la kijivu, limelala chini kama paka anayewinda, likiwashwa kuku wa jirani hukimbia. Lilikuwa na matairi ya kiangazi. Na juu kule Schneidegg, ambako barabara inapanda kama ngazi ya dari, Leni alikuwa anasubiri mtoto wa tatu. Mtoto wa pili alizaliwa Vroni akiwa bado anavua koti.

Zenzi alitoka ndani akijifuta mikono.

— Zile rimu za inchi kumi na saba nimezijaribu. Haziingii. Rimu inagonga breki. Breki za gari hili, Vroni, ni kubwa kama sufuria za harusi.

— Zitwange kidogo, alisema Alois.

— Rimu hazitwangwi, mzee. Na rimu isiyo na karatasi ya ukaguzi sifungi, hata akija askofu.

— Kwa hiyo? aliuliza Vroni.

— Kwa hiyo kuna njia mbili. Za ishirini ninazo humo ndani, pana, zinang'aa, zina karatasi zake. Kwenye barabara kuu zitakuwa nzuri. Kwenye theluji nzito tairi pana linaelea. Za kumi na nane ndizo unazozitaka, tairi lake lina ubavu mrefu, ni jembamba, linauma. Hizo niagize. Siku kumi.

— Leni hana siku kumi.

— Najua.

— Si achukue mbili mbili, alisema Alois. Mbele nyembamba kwa ajili yangu, nyuma pana kwa ajili ya Traudl.

— Unatania, lakini gari hili ndivyo lilivyo. Matairi ya nyuma huwa mapana kuliko ya mbele, tangu kiwandani kwenyewe. Ndiyo maana siwezi kukuokotea nne hivi hivi kutoka stoo.

Vroni alitazama barabara ya mlimani. Hakuwa anaogopa gari. Alikuwa anaogopa kona ya tatu, ile yenye msalaba wa mbao, ambako ukishasimama kwenye barafu huondoki tena, na simu haishiki.

— Wewe si una gari la kuvuta magari? Traudl alimwambia Zenzi. Mpeleke.

— Theluji ya kwanza? Mpaka saa kumi na mbili nitakuwa nimeshaitwa mara sita. Na hata nikimpeleka leo, kesho? Wiki ijayo kuna wa Burgberg, kuna pacha wa kule kinuni. Mkunga hawezi kuombaomba usafiri msimu mzima.

— Basi achukue gari la gwaride la zimamoto, alisema Alois.

— Alois, kunywa kahawa yako.

Vroni aliweka kikombe ubaoni, kikaanza kuteleza, akakidaka bila kukitazama.

— Mjomba alikuwa na magurudumu ya baridi, alisema. Lazima. Aliendesha gari hili hata Krismasi, mnakumbuka, na magurudumu alijifungia mwenyewe. Gerejini kwake zipo ndoano nne ukutani, tupu. Nimetafuta chini kwenye stoo ya viazi, nimetafuta ghalani, nimetafuta mpaka nyuma ya mizinga ya nyuki. Hakuna.

Hapo kijiwe kikachangamka, maana kuzungumzia kilichopotea hakuhitaji ujuzi.

— Aliyauza, alisema Traudl. Mwezi wa saba alikuja Mwitaliano mmoja na gari jeupe. Nilimwona kwa macho yangu.

— Yule alikuja kununua asali.

— Ndivyo alivyokwambia wewe. Nani anavuka milima kwa ajili ya asali?

— Mimi naona aliyafukia, alisema Alois. Wastl alikuwa mtu wa kufukia. Ile pombe yake ya zambarau aliifukia miaka minne, tukaja kuichimba kwenye shamba la mtu mwingine.

— Matairi hayafukiwi.

— Basi aliyatupa ziwani. Kwa hasira. Alisema majira ya baridi ya siku hizi hayana heshima, hayastahili matairi mazuri.

— Au alimpelekea yule mama wa Kempten, alisema Traudl, akashusha sauti. Wa duka la vifungo. Mwanamke mwenye ghorofa ya chini yenye nafasi.

— Mama wa vifungo ana gari gani?

— Hana gari. Ndiyo maana ana nafasi.

— Inatosha, alisema Vroni kwa upole. Zenzi, nifungie hizo za ishirini.

— Una uhakika? aliuliza Zenzi.

— Sina. Lakini yaliyopo ni bora kuliko ya kiangazi. Haya ya kiangazi kwa baridi hii yameshakuwa magumu kama sahani.

— Nitakubandikia karatasi mbele ya usukani. Usizidi kilomita mia mbili na arobaini kwa saa, ndicho kikomo cha matairi haya.

— Kona ya msalaba inataka ishirini.

— Basi uko salama upande huo.

Zenzi alikuwa ameshashika mlango wa gereji wakati gari dogo la parokia lilipoingia uani. Akashuka Padri Shaji, aliyefika Mei kutoka Kerala, kusikojua theluji, amevaa skafu mbili. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akapewa kikombe, akakaa upande wa kulia kwa kuwa ndio uliokuwa wazi. Muda si mrefu alikuwa amemwegemea Alois.

— Samahani, mzee.

— Usijali, Padri. Wote huja kwangu.

— Nimekuja kwa ajili ya matairi, alisema Padri. Nimeambiwa ni sheria ya hapa. Oktoba mpaka Pasaka.

— Si sheria, ni desturi, alisema Traudl. Oktoba unayafunga, Pasaka unayafungua. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Padri aliitikia kwa kichwa kama mtu anayehifadhi somo. Akautazama mlima, akayatazama mawingu.

— Na nyinyi, wakati wa baridi mnakaa wapi?

— Ndani kwa Zenzi. Tunasimama karibu na hita.

— Mnasimama? Benchi hamliingizi?

— Benchi huwa halipo, alisema Alois.

— Linakwenda wapi?

Traudl alimgeukia Alois.

— Wastl alikuwa akilichukua, alisema Alois polepole. Alikuja na tela. Alisema mbao zitaoza kwenye theluji.

— Lini? aliuliza Padri.

— Mwisho wa Oktoba. Kila mwaka. Na kulirudisha Pasa…

Vroni aligeuka kumtazama Zenzi, na Zenzi alikuwa ameshauacha mlango. Alichomoa futi mfukoni, akainama, akapima sanduku la kulia, akapima la kushoto.

— Tofauti ni sentimita nne, alisema. Kila tairi la nyuma limezidi la mbele kwa mbili. Mawili yakibebana, nne.

— Zenzi, unasema nini? aliuliza Traudl.

— Nasema inukeni.

— Kahawa yangu haijaisha, alisema Alois.

— Mzee. Inuka.

Waliinuka wote wanne. Vroni aliuchukua mtaimbo kando ya mlango wa gereji, akaukabidhi kwa Zenzi. Msumari wa kwanza ulitoka ukilia. Ubao wa pembeni ukaanguka, na mle ndani, yamelala moja juu ya jingine, yamefunikwa gunia safi, yalikuwamo matairi mawili kwenye rimu nyeusi za inchi kumi na nane. Wastl alikuwa ameandika kwa chaki kila moja mahali pake: nyuma kushoto, nyuma kulia. Kwenye sanduku la pili yalikuwamo ya mbele, na katikati ya rimu ya juu, ndani ya mfuko wa mkate, karatasi ya ukaguzi yenye muhuri, imekunjwa mara nne.

Zenzi alipiga goti akaingiza kipimo kwenye meno ya tairi.

— Milimita saba. Aliyabadilisha mwaka jana, yametumika msimu mmoja tu. Alama ya theluji ipo.

Vroni aliketi chini palepale, kwenye saruji ya baridi, akashika uso. Padri alidhani analia, akainama kumshika bega. Alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyeshusha mzigo ambao ulikuwa umeshaingia mpaka shingoni.

— Miaka sita, alisema Traudl. Miaka sita alikaa hapa katikati yetu akitusikiliza tunagombana kuhusu mteremko, na hakusema neno.

— Alikuwa akisema, alisema Alois. Alisema labda ni upepo.

— Lakini kwa nini asiyatundike? aliuliza Vroni. Ndoano zipo. Majira ya baridi hutundika ya kiangazi, kiangazi angetundika haya.

Alois alisugua nyonga yake ya kulia, ile ya chuma.

— Ule mwaka nilipotoka hospitali, alisema. Nilikuwa siwezi kusimama dakika tano. Nikamwambia Wastl, kijiweni siji tena, mnasimama kama farasi. Pasaka nikapita hapa, nikakuta benchi.

Traudl alimpokonya kikombe, akamjazia bila kuulizwa.

Zenzi hakupoteza muda. Jeki, bunduki ya hewa ya kufungulia nati, gurudumu moja baada ya jingine, na Padri akishika nati kwenye kofia yake kama anakusanya sadaka. Breki kubwa zilipita ndani ya rimu na nafasi ya kidole ikabaki. Nati za mwisho zilikuwa zinakazwa kwa mkono simu ya Vroni ilipoita. Alikuwa Gallus, mume wa Leni. Hakusalimia.

— Ameanza.

— Nakuja.

— Huku imeanza na theluji.

— Nimesema nakuja, Gallus. Chemsha maji, ukae chini.

Alipanda kwa gia ya pili. Kwenye kona ya msalaba theluji ilikuwa imeshafunika barabara, imefika kwenye vifundo vya miguu, haijakanyagwa na mtu. Akashikilia usukani akingoja ule mtelezo. Haukuja. Matairi yaliuma, yakashika, gari zito la kijivu likapanda likinguruma chini kwa chini kama ng'ombe aliyeshiba, na msalaba ukabaki nyuma. Saa kumi na moja na robo alivua koti lake, akalitundika, akanawa mikono, na bado akapata dakika arobaini za kukaa kando ya Leni na kumsugua mgongo. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia kabla hajaulizwa.

Asubuhi alisimama kwa Zenzi akishuka. Bonde lote lilikuwa jeupe, na mbele ya gereji, pale palipokuwa na benchi, theluji ilikuwa imelala sawasawa, haina mteremko wowote. Alois na Traudl walikuwa wamesimama ndani karibu na hita, kila mmoja ameshika kikombe chake.

— Kilo tatu na nusu, alisema Vroni. Wote wazima. Wamemwita Sebastiana, ndilo Wastl la kike.

— Jina zito kwa mtoto, alisema Traudl, akajipangusa pua.

— Atalizoea.

Alikunywa kahawa akiwa amesimama kama wao, mpaka miguu ikamkumbusha kwamba hajalala. Akaaga. Alois alimsindikiza akichechemea mpaka mlangoni, akayatazama yale magurudumu manne yenye theluji kwenye meno, akamshikia mlango.

— Endesha polepole, binti, alisema. Na Pasaka uturudishie benchi letu. Usilinyooshe.