Sindano Alizouziwa Refa

Marehemu, ambaye wengi wetu hapa tulimwita Refa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, kitindamimba wa seremala na mkunga. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1989, akafundisha michezo shule ya msingi. Jumamosi alichezesha mechi za wanaume watu wazima, waliomnung'unikia mwanamke huyu na kumtii.

Golikipa mmoja mwenye mdomo alilimwa kadi nyekundu. Kesho yake akabisha hodi kwa kina Refa.

"Nimekuja kukata rufaa."

"Rufaa haisikilizwi," Refa alimjibu, "ila chai ipo."

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 chaki ilianza kumponyoka. Kisha mguu ukawa unaburuta, ulimi ukawa mzito. Daktari wa hospitali hakumficha: neva zinazoendesha misuli zilikuwa zinakufa, dawa ya kuziponya haipo, na tiba ya seli shina, chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, ilikuwa bado inajaribiwa.

Kliniki moja yenye zulia jipya na maua ya plastiki ikasema vingine. "Mama, seli hizi zinajenga neva upya. Utatembea," aliapa mwenye koti jeupe, akimwonyesha kwenye simu mgonjwa anayecheza dansi. Refa alitaka kutembea. Nani asingetaka? Akachomwa sindano za uti wa mgongo, akarudi na homa kali na shingo iliyokakamaa. Daktari wa hospitali alipopiga simu kliniki kuuliza ndani ya sindano kulikuwa na nini, alijibiwa, "Hiyo ni siri yetu ya kitaalamu."

Siri! Mwilini mwa mtu!

Alinusurika, lakini sauti ilikwisha kabisa. Muda si mrefu picha yake ikatokea kwenye bango la kliniki: "Amepona." Refa aliitazama, kisha kwa macho akamwonyesha binti yake mkubwa herufi moja moja kwenye ubao wa alfabeti aliowasiliana kwao: *Nipelekeni.*

Kwenye ukumbi wa kliniki, mbele ya wagonjwa waliosubiri zamu, binti aliwasomea maneno ya mama yake: "Wa kwenye bango ni mimi. Nitazameni vizuri." Mlinzi akaitwa awatoe. Mzee mmoja mwenye fimbo akainuka, akatoka nao. Leo yumo kati yetu.

Refa alifariki nyumbani tarehe 3 Machi 2022, pumzi zilipomwishia. Ugonjwa ulimuua, lakini ugonjwa haukumdanganya.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka zake, na wanafunzi wasiohesabika.

Alale salama. Bango bado halijashushwa.