Historia ya Mzee Benedicto Castory Ngonyani, Mchoraji wa Mazimwi

Wazee wetu shikamooni, Bibi Hajira shikamoo, viongozi wa dini zote mliokubali kukaa turubai moja, majirani wa Manundu na wafanyakazi wenzake wa Hale, poleni sana na msiba. Mimi ni Shadya Yusuph, mjukuu wa marehemu, nipo mwaka wa pili chuo kikuu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya babu, ingawa karatasi niliyorudishiwa na kamati ya mazishi jana ilikuwa imekatwa mistari kumi na minane kwa kalamu nyekundu, nami, kwa heshima zote, nimesimama hapa na ile isiyokatwa.

Marehemu Mzee Benedicto alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge, Mazinde, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Castory Ngonyani, aliyetoka Songea kuja kukata mkonge, na Bibi Bernadina, aliyekuwa akifua nguo nyumbani kwa fundi mkuu wa shamba. Mwaka 1955 Mzee Castory alikatwa vidole viwili na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, akafungwa kitambaa Ijumaa na kuambiwa na nyapara arudi kazini Jumatatu, na hilo naomba mlishike, kwa sababu asiyelijua hawezi kumwelewa babu.

Alianza masomo Mazinde mwaka 1954 na kumaliza darasa la nane hapa Korogwe mwaka 1961, lakini elimu iliyomtengeneza aliipata mwaka 1958, pale Bibi Bernadina alipopewa na mke wa fundi mkuu furushi la karatasi za kuwashia moto, ndani yake mkiwa na vitabu kumi na kimoja vya katuni za kutisha vya Kimarekani, vyenye rangi nyekundu na kijani zilizovuka mistari, maiti zikitoka ardhini na udongo mabegani, macho yamewatoka kama mayai. Babu hakujua Kiingereza, alisoma picha tu, na kwa kuwa kila mara aliona mzimu unamfukuza bwana mnene mwenye tai, alijua moja kwa moja kwamba mzimu ndiye mtu mwema. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kujua Kiingereza, alivisoma upya, akacheka hadi akakohoa, akaniambia, "Mjukuu wangu, sikukosea sana, yule bwana kweli alikuwa kaua mtu." Chuoni nimejifunza kwamba vitabu vya aina hiyo vilichapwa kabla wachapishaji wa huko hawajajiwekea, mwaka 1954, kanuni ya kukataza maiti kutembea vitabuni, kwa hiyo ile hofu ya katuni za kutisha iliyomwandama babu hapa Korogwe wengine walikwisha kuwa nayo zamani, wala haikuwasaidia kitu.

Mwaka 1962 aliajiriwa kupaka rangi mashambani Mazinde, na tarehe 3 Aprili 1967 akajiunga na kituo cha umeme cha Hale, ambako kwa miaka thelathini na minne alichora alama za hatari kwenye nguzo na transfoma, na mafuvu yake, wenzake wa Hale ni mashahidi, hayakuwa mafuvu ya kawaida, yalikuwa na meno ya mtu unayemfahamu, mkiwa watoto mama zenu waliwapitisha ng'ambo ya barabara msiyaone, na karatasi ya kamati inasema "alikuwa fundi rangi", basi, nukta.

Sasa nasoma mistari kumi na minane. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1988 marehemu aliandika, akachora na kudurufu matoleo ishirini na matatu ya kitabu chake, "Waliokataa Kuzikwa", ndani yake akiwamo Bi Singa, mwenye nywele ndefu nyeupe zilizoanikwa juani kama singa za mkonge, anayewakaba wanaowapiga vibarua, na Kidole, ambacho kilikatwa na korona kikakataa kutupwa, kikatambaa usiku na mchana kumtafuta nyapara, kikamkuta anakunywa uji, kikanyanyuka katikati ya bakuli na kumnyookea yeye. Hakuna aliyesoma ukurasa huo akalala mapema, na hakuna mkata mkonge aliyeusoma asicheke, na mimi nauliza, katika maktaba zote nilizoingia, ni nani mwingine aliyemlipizia Mzee Castory vidole vyake?

Tarehe 21 Septemba 1973 alifunga ndoa bomani Handeni na Hajira Mhina wa Sindeni, baada ya baba mkwe kugoma kwa mwaka mzima, si kwa sababu ya dini peke yake, bali alisema, "Simwozi binti yangu kwa mchora mashetani," na Bibi akamjibu mbele ya wajomba, "Baba, mashetani yake yanapiga manyapara tu, wewe umekuwa nyapara lini?" Walijaliwa watoto watatu, Rosa mwaka 1975, Yusuph, ambaye ni baba yangu, mwaka 1977, na Edna mwaka 1981, na wajukuu wanane.

Tarehe 10 Oktoba 1988 kikundi cha watu wazima wa mji huu, ambacho sitakitaja kwa kuwa wengi wao wametangulia, kilikusanya vitabu vya babu nyumba kwa nyumba na kuvichoma uwanjani, babu akasimama akatazama hadi mwisho, kesho yake akaenda kazini, na kilichobaki kikawa michoro yake ya mkono, iliyofungwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Marehemu alistaafu mwaka 2001 na kuhamia Manundu. Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na kisukari, Februari 2023 akapata kiharusi kilichoushika mkono wa kulia, akajifunza kuchora kwa kushoto, Bi Singa akatoka amepinda shingo, babu akasema amependeza zaidi. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuchota maji siku zote hizi, na wenzake wa Hale waliochimba kaburi. Kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Mustafa, ambaye mwaka 1988 alibeba dumu la mafuta ya taa, na ameniruhusu niseme, kwani juzi alikuja na toleo la tisa, lile la Kidole, limefungwa ndani ya foronya, akamwambia Bibi, "Shemeji, hiki nilikichomoa motoni, nilikuwa sijakimaliza," na Bibi akamuuliza, "Miaka thelathini na sita hujakimaliza?"

La mwisho ni taarifa. Babu Raymond, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati yetu, aliniambia jana, "Shadya, mwanangu, watu watatuonaje? Sanduku lile tulichome kimyakimya tukishazika, yaishe," na ameitisha kikao saa kumi jioni. Babu Raymond, shikamoo, nakuheshimu sana, lakini wakati kamati ikikata mistari yangu jana mchana, Bibi Hajira alimkabidhi shangazi Rosa sanduku, likaondoka na pikipiki, limelala Hale chini ya kufuli, na ufunguo ameufunga Bibi kwenye pindo la kanga aliyovaa hapo alipokaa. Kwa hiyo wa kuzikwa leo ni mmoja tu.

Benedicto Castory Ngonyani, mchoraji, pumzika kwa amani.