Bi Reinhilde na Mate ya Siku ya Tatu

Ijumaa tarehe 28 Juni, Bi Reinhilde Schepens anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika maabara yetu ya homoni hapa Ghent, Ubelgiji. Atalivua koti lake jeupe, na tunaomjua tuna hakika atalifua na kulipiga pasi kabla ya kulirudisha stoo.

Alianza kwa kupima mate ya wanafunzi waliosubiri mtihani, kisha ya manesi wa zamu. Miaka minane iliyopita Profesa Baldewijns alituletea utafiti wa watu wazima wanaoridhiana kufungana kamba, kutawalana na kupeana maumivu ya kiasi kwa raha yao. Alitaka kujua ni nini hutokea ndani ya miili na bongo zao. Wengi wetu tuliangalia dari. Bi Reinhilde aliuliza swali moja tu: "Watatoa mate kabla ya kula au baada?"

Basi kila Jumapili mchana alikwenda kwenye klabu yao na boksi la barafu na biskuti za mdalasini. Alirudi akishangaa jinsi wanavyozungumza kwanza, lipi ruksa, lipi mwiko, neno gani likitajwa kila kitu kinasimama. "Mimi na mume wangu Firmin hatujawahi kuelewana hivyo," alisema, "hata siku tuliyonunua nyumba."

Vichupa vyake vilionyesha kwamba kwa waliofungwa kamba, homoni ya msongo wa mawazo ilipanda, na pamoja nayo zikapanda kemikali za raha ambazo mwili hujitengenezea, ndugu wa zile za bangi. Profesa alifurahi, akaandika makala.

Ndipo akaja Goedele, mwalimu wa shule ya msingi na mmoja wa watoa mate wa klabuni, ambaye ameturuhusu tumtaje. Alileta barua ya kujitoa kwenye utafiti.

"Jumapili nilikuwa napaa," alisema. "Jumatano nalia mbele ya mashine ya kufulia, bila sababu. Kuna kitu kimeharibika kichwani mwangu. Na Wannes anadhani ameniumiza, hata mkono hanishiki tena."

Bi Reinhilde angeweza kuipokea barua na kuifungia kwenye faili. Alivuta kiti. "Mwanangu, sitakudanganya, sijui ni nini. Sisi tunapima saa moja baadaye, tunafunga boksi, tunakwenda zetu. Hatujawahi kumuuliza mtu habari za Jumatano. Ila si wewe wa kwanza kuniambia. Mwambie mumeo hivyo, leo hii."

Jioni ile alimfuata Profesa. "Tumepima kupanda. Kushuka je?"

"Reinhilde, makala iko tayari."

"Iko tayari nusu. Jina langu liondoe."

Walinuniana wiki mbili. Tuliokula nao chakula cha mchana tunakumbuka jinsi chumvi ilivyoombwa kupitia kwetu. Mwishowe Profesa alirudi kwenye kamati ya maadili, ruhusa ikachukua miezi saba, na watu wakaanza kutoa mate hadi siku ya tatu na kuandika walivyojisikia.

Mate hayo hayakutupa jibu rahisi. Wengine walishuka moyo, wengine hawakushuka, na homoni zao hazikufuata mstari mmoja. Bi Reinhilde alisisitiza tuandike hivyo hivyo, kwamba hatujui. Lakini katika maandishi yao jambo moja lilijirudia: waliopigiwa simu, wakapikiwa, wakakaa na wenzao bila haraka, waliivuka siku ya tatu kwa wepesi zaidi. Ushauri huo leo umebandikwa kwenye mlango wa klabu.

Goedele hakujitoa. Jumatano ya wiki iliyofuata mazungumzo yale ya kwanza, Wannes aliomba ruhusa kazini, akapika nyama ya ng'ombe kwa bia, akakaa naye. Ujumbe alioutuma Goedele ulisomeka: "Nimelia tena, Bi Reinhilde, lakini safari hii nimelia nikila, na mkono mmoja umeshikwa." Bi Reinhilde aliusoma mara mbili, akaenda kusimama dirishani.

Profesa ameomba tuandike kwa niaba yake kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekosea. Tumeandika.

Septemba mama huyu anaanza masomo ya kuimba, jambo aliloliahirisha tangu usichana. Bi Reinhilde, ahsante kwa kutufundisha kusema "hatujui" bila aibu, na kuvuta kiti baada ya kusema. Uwe na afya, wewe na Firmin, na miaka mirefu yenye raha. Sasa imba.