Nani Alimwita Yaya

Kijiwe cha Ibadakuli kina benchi moja lenye miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Kipo mbele ya duka la mabati la Hemal, na kazi yake ni kuwapa wanaume mahali pa kunywa kahawa ya bibi Justina na kuyasema kwa sauti mambo wasiyoyajua. Justina mwenyewe hukaa kwenye kigoda nyuma ya jiko la mkaa, birika mbele yake, vikombe kwenye ndoo ya maji. Ana darasa la saba na haupiti juma hajalitaja. Mtu akikosea Kiswahili mbele yake hurekebishwa kabla hajameza. Jambo moja tu wateja hawakuwahi kulielewa: ukimwuliza kama kashata zipo, nazo hazipo, hasemi. Hutikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza inzi. Wengi hudhani ni maringo.

Ijumaa hiyo kijiwe kilikuwa na kesi. Mjukuu wa Justina alikuwa anaoa baada ya wiki mbili. Binti ni Goodness wa Ushirombo, watu wa kanisani sana, na ng'ombe wa mahari walikwishafika. Ndipo mama wa Goodness alipoambiwa sokoni kwamba jina la mkwewe mtarajiwa, Yaya, kwa Kisukuma ni "hapana". Akataka kujua ni baba gani anayemtazama mwanawe mchanga akamwita Hapana, kama si baba aliyemkataa. Na mtoto aliyekataliwa, alisema, atakuja kuwakataa wa kwake. Harusi ikasimama. Baba wa binti, Deogratias, alikuwa kwenye basi tangu alfajiri, anakuja kuuliza kwa kinywa chake jina hilo lilitoka wapi.

Miaka yote Justina alikuwa na jibu moja: ni jina la mjomba wake, mwindaji wa tembo. Kijiwe kiliona jibu hilo limechakaa. Walitaka kumtengenezea jingine kabla mgeni hajashuka.

Aliyeanza ni mzee Athanas, waliyemwita Mizani kwa sababu alipima pamba ya watu ujana wake wote, na mpaka leo hasemi neno bila kulipima kwanza. Alieleza kwamba Yaya ni Yahya, na Yahya ni Yohane Mbatizaji, kwa hiyo watu wa Ushirombo hawana la kulalamikia.

— Na ile herufi ya katikati imekwenda wapi? aliuliza Cornel.

— Imekauka. Hii ni Shinyanga.

Hemal alitoka dukani na kikombe chake. Amezaliwa hapo mjini, na Kisukuma chake kinawashinda wengi waliozaliwa Samuye. Alisema kwao, kwa Wahindi, lipo jina Jaya, maana yake ushindi, na J na Y ni ndugu.

— Jaya ni mwanaume? akauliza Athanas.

Hemal akanywa kahawa yake taratibu.

— Shangazi yangu, akasema.

Cornel aliachia cheko lililoamsha mbwa. Yeye wanamwita Karasha, kwanza kwa kuwa aliwahi kuendesha mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Geita, na pili kwa kuwa kila kinachoingia kinywani mwake hutoka unga. Alisema wote wawili hawajui kitu. Jina hilo ni kinga. Kifo kinapiga hodi kinauliza ndani kuna mtoto, kinajibiwa yaya, kinajiendea kwa jirani. Ndiyo maana majina hayo hayapo mengi. Anzia Samuye mpaka Isaka, hesabu, yupo huyu mmoja tu, maana majirani hawalipendi.

— Ila machimboni tulimkatalia asishuke na jina hilo, akaendelea. Msimamizi anasimama juu ya shimo anauliza, chini kuna mtu? Mnajibu, Yaya. Anasema, basi fukieni.

Hata Justina alicheka, ingawa kicheko hakikufika tumboni. Ndani ya duka alimwona Yaya mwenyewe, ameinama kwenye sanduku la misumari. Alikuja na basi la Geita jana yake, na kwa kuwa mkwe hakai kwenye benchi anapojadiliwa, alikuwa anachagua misumari tangu saa mbili. Miaka ishirini na saba, mikono kama koleo, na shingo yenyewe ya Adam, baba yake, hivyohivyo. Aliondoka Geita na shati la harusi limekunjwa kwenye mfuko. Jana alimwuliza bibi yake swali moja tu, kama ni kweli baba alimkataa. Justina akamwambia ale ugali.

Deogratias alifika saa nne, mwanamume mwembamba mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Kaa, lakini usiegemee. Hilo ni tofali.

Hakupewa nafasi ya kuuliza. Athanas alimletea Yohane Mbatizaji, Cornel akamletea kifo kilichodanganywa mlangoni, kisha akaongeza kwamba mtoto alizaliwa na jino moja na akakataa ziwa kwa siku tatu, jambo ambalo hata yeye alionekana kulisikia kwa mara ya kwanza. Hemal, kwa heshima ya shangazi yake, alinyamaza. Deogratias aliwasikiliza wote, kikombe kikipoa mkononi. Walipoishiwa pumzi akamgeukia Justina.

— Mama, mimi niliambiwa ni jina la mjomba wako.

— Nilisema hivyo.

— Kaburi lake liko wapi? Binti akija kwenu, aonyeshwe.

Benchi zima likamtazama Justina. Athanas alipima neno, akalirudisha. Cornel, ambaye angeweza kumzulia mjomba ndovu kumi na wake wanne, hakuweza kumzulia kaburi. Kaburi mtu huenda kuliona.

Justina alikuwa na uongo mwingine tayari. Angesema Sumve, angesema ng'ambo ya ziwa. Akaitazama tena ile shingo kwenye sanduku la misumari.

— Halipo, akasema. Na mjomba hayupo.

Kisha akayasimulia huku anapangusa vikombe vilivyokwisha kupanguswa. Dorah, mkwewe, aliumwa uchungu siku mbili. Adam alikuwa ardhini, machimboni Geita, hajui hata kama mtoto kazaliwa. Dorah alipojifungua akalala kama gogo, na Justina, ambaye naye hakuwa amelala, akabaki na kichanga mapajani. Nesi alikuwa mgeni, binti wa pwani, hana mwezi tangu ahamie. Akaja na kadi ya mtoto.

— Akaniuliza, bibi, mmeshampa jina? Nikamwambia, yaya. Akaandika.

— Akaandika, alisema Deogratias.

— Kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilimwona. Nikadhani anaandika kwamba hana.

Alikuja kuisoma kadi nyumbani. Angeweza kurudi kesho yake ikafutwa, lakini angeanzaje, yeye anayewarekebisha walimu, kusema aliulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kisukuma? Kanisani wakanakili kadi, shuleni wakanakili kanisa. Adam aliporudi na kuuliza, ndipo mjomba alipozaliwa, na bunduki yake ya tembo.

— Mwambie mama Goodness, baba yake hakumkataa. Baba yake alimkuta kwenye kadi. Aliyemkosea ni mimi.

Cornel akafungua mdomo; Athanas akamkanyaga mguu.

— Ndiyo maana unatikisa kichwa, alisema Hemal polepole.

— Ungefanyaje? Mtoto akiomba nyama, namkatalia, anadhani namwita. Nikaliacha neno lote.

Deogratias hakucheka, wala hakukasirika. Alikaa anatazama kikombe chake kama mtu aliyesafiri mbali kufuata mzigo akaukuta mwepesi, hajui aushukuru au adai uliobaki. Athanas alikuna goti. Gari la mizigo likapita, vumbi likatua kwenye kashata, hakuna aliyelipuliza.

— Kahawa imebaki? akauliza Deogratias mwishowe.

Justina aliinua birika, akalitikisa. Tupu. Ulimi wake, ulioshikwa miaka ishirini na saba, asubuhi hiyo ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

— Yaya, akasema.

— Naam, bibi.

Akatokea mlangoni mwa duka mbio, misumari imemjaa viganja vyote viwili, akasimama. Alimwona baba mkwe. Hakuwa na mkono wa kumpa, hakujua misumari aiweke wapi, akapiga goti nayo hivyohivyo.

Deogratias alimtazama kuanzia viatu mpaka utosini. Akatumbukiza kikombe kwenye ndoo.

— Anaitika, akasema. Nitamwambia mama Goodness, anaitika.